Majeruhi na Ratiba za NFL: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali ambayo wadau wa NFL, ligi ya kulipwa ya mpira wa Kimarekani (American football), tunaulizana kila msimu ukianza, hasa wale walioingia kwenye huu mchezo wakitokea soka. Ratiba na majeruhi nimeviweka pamoja makusudi maana huwezi kuelewa kimoja ukaacha kingine, na nitasema wazi msimamo wangu mapema: ligi inajali sana wiki ya kwenye televisheni kuliko wiki ya mwili wa mchezaji, na hilo linaniuma kwasababu naupenda huu mchezo.

Hivi ni kweli timu inacheza mechi 17 tu msimu mzima? Mbona England wanapiga 38?

Ndio, 17 ndani ya wiki 18, kila timu inapata wiki moja ya kupumzika katikati. Imeanza hivyo 2021, kabla ya hapo zilikuwa 16 toka mwaka 1978, na nyuma zaidi zilikuwa 14. Baada ya hapo ni mtoano mpaka Super Bowl, yaani fainali, mwezi wa pili.

Sasa usilinganishe na soka. Hapa kila mpira ukianza watu 22 wanagongana kwa wakati mmoja, na wale wa mstari wa mbele wengi wana kilo 140 hivi, wanagongana mara sitini au zaidi kwa mechi moja. Ndo maana wiki yao ya kawaida imepangwa kuzunguka mwili: Jumapili mechi, Jumatatu matibabu na kuangalia video, Jumanne wengi wanapumzika, Jumatano mpaka Ijumaa ndo mazoezi yenyewe, Jumamosi mazoezi mepesi na safari. Wachezaji wengi wanasema mpaka Alhamisi bado kunyanyuka kitandani ni kazi. Hiyo Alhamisi iweke kichwani, tutairudia.

Ratiba inapangwaje, kuna mtu anakaa anachagua nani acheze na nani?

Wapinzani hawachaguliwi, ni fomula. Timu 32 zimegawanywa kwenye pande mbili, na kila upande una makundi manne ya timu nne nne. Unacheza mara mbili na kila jirani yako wa kundi, hizo 6. Unacheza na kundi zima moja la upande wako, 4, na kundi zima la upande wa pili, 4. Mbili na timu za upande wako zilizomaliza nafasi kama yako msimu uliopita, na ile ya 17 ni na timu ya upande wa pili iliyomaliza nafasi kama yako. Kwahiyo wapinzani wako wanajulikana toka msimu uliopita ukiisha.

Kinachopangwa ni siku na saa, na hapo ndipo pesa inapoongea. Watu wa ligi wanatumia kompyuta kutengeneza maelfu ya ratiba alafu wanachuja mpaka wapate moja, inatangazwa mwezi wa tano. Wanaangalia viwanja vyenye tamasha, safari ndefu, lakini kubwa kuliko yote ni nani anaonyesha nini. Mikataba ya televisheni iliyosainiwa 2021 inakadiriwa kufika dola bilioni 110 kwa miaka 11, ukishapokea hela kama hiyo huwezi ukamwambia mwenye hela kwamba wiki hii timu kubwa zimechoka.

Kwanini sasa wasicheze Jumamosi kama wengine, badala ya Alhamisi?

Sheria. Mwaka 1961 Bunge la Marekani liliiruhusu ligi kuuza haki za matangazo kwa pamoja, ila sheria hiyo inawawekea mpaka: kuanzia Ijumaa ya pili ya Septemba hadi Jumamosi ya pili ya Desemba, Ijumaa jioni na Jumamosi ni za mashuleni na vyuo. Ndo maana mechi za Jumamosi unaziona mwishoni mwa Desemba, na ile mechi ya Ijumaa inayofuata sikukuu ya Shukrani, iliyoanza 2023, inapigwa mchana kabla ya saa 12 jioni ya kule. Na ile ya Ijumaa pale São Paulo Septemba 2024 iliwezekana kwasababu ile Ijumaa ya pili ilikuwa haijafika.

Mechi za Alhamisi zina shida gani hasa?

Hili ndo swali lenyewe.

Timu imecheza Jumapili, imemaliza jioni. Alhamisi usiku inatakiwa uwanjani tena. Hapo katikati una siku tatu tu kamili, na kama wewe ni mgeni moja inaishia kwenye ndege. Mazoezi ya kweli hakuna, makocha wengi wanawatembeza tu wachezaji polepole kukariri mipango, maana ukiwakimbiza utawamaliza. Mtu aliyeumia enka Jumapili, ambaye kwa wiki ya kawaida angeangaliwa mpaka Ijumaa ndo iamuliwe, huyu anaamuliwa Jumatano. Akiwa na nyama za paja zimevuta kidogo ndo basi, ama anakosa mechi ama anacheza na kitu ambacho hakijapona.

Zilianza 2006 kidogo kidogo, za mwisho wa msimu tu, 2012 zikawa karibu kila wiki, na toka 2022 ziko Amazon Prime Video ambao wanalipa karibu dola bilioni moja kwa mwaka. 2023 wamiliki wakaongeza mengine mawili: timu moja inaweza kupewa Alhamisi ya wiki fupi mara mbili kwa msimu, na mechi ya kuelekea mwisho wa msimu inaweza kuhamishwa kutoka Jumapili kwenda Alhamisi ikitolewa taarifa mapema (wakati huo ilikuwa siku 28 kabla). Yaani unazidisha kitu ambacho wachezaji wenyewe wamekulalamikia miaka yote.

Richard Sherman, yule beki wa Seattle Seahawks, aliandika hadharani Desemba 2016 kuzipinga hizi mechi. Novemba mwaka uliofuata, Alhamisi, wakiwa ugenini Arizona, kano yake ya kisigino ikakatika. Simaanishi Alhamisi ndo ilimkata, kano ya kisigino inakatika hata Jumapili na yeye mwenyewe ilikuwa inamsumbua kabla ya hapo. Ila kano iliyokuwa inalalamika ilihitaji siku, na siku hazikuwepo.

Lakini ligi inasema takwimu zake hazionyeshi majeruhi zaidi Alhamisi. Nani mkweli?

Ligi imesema hivyo kweli, na sina sababu ya kusema wamepika namba. Tatizo langu ni kinachohesabiwa. Ukihesabu walioumia Alhamisi ile ile, hujamhesabu aliyekaa nje kabisa kwasababu hajapona ya Jumapili, maana huyo hakucheza hata akaumia. Hujamhesabu anayecheza na maumivu akiwa mzito, na hujahesabu mechi mbovu ambazo sisi watazamaji tunaziona kwa macho. Alafu wanasema baada ya Alhamisi timu inapata siku kumi za kupumzika, ni kweli, na wachezaji wenyewe hizo siku wanazipenda. Ila mapumziko yanatakiwa yaje kabla ya kugongwa, yakija baada ni matibabu.

Ile ishu ya Tua Tagovailoa ilikuwaje?

Tua wakati huo alikuwa kotabeki wa Miami Dolphins, yaani yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira. Tarehe 25 Septemba 2022, Jumapili, dhidi ya Buffalo, alisukumwa akaanguka kichwa kikagonga chini, akanyanyuka, akatikisa kichwa, akapiga hatua chache akayumba, wenzake wakamshika. Kila mtu aliyekuwa anaangalia aliona. Kipindi cha pili akarudi uwanjani, maelezo yakawa kwamba ni mgongo. Siku nne baadaye, Alhamisi, Cincinnati, akaangushwa tena na vidole vyake vikakakamaa mbele ya uso, akatolewa kwa machela. Ile picha kama uliiona huwezi kuisahau.

Chama cha wachezaji kikamwondoa yule daktari huru aliyehusika na uchunguzi wa Jumapili, na ndani ya siku chache ligi na chama wakabadilisha utaratibu: mchezaji akiyumba au kushindwa kujimudu kwa sababu ya kugongwa kichwa, harudi siku hiyo, hakuna cha kusema ni mgongo. Uchunguzi wao wa pamoja ulisema hatua za wakati ule zilifuatwa, ila matokeo sio yaliyokusudiwa. Mimi hapo ndipo ninapoona ratiba. Kama mechi iliyofuata ingekuwa Jumapili nyingine, kungekuwa na siku saba za watu kumwangalia, na hata kama Jumapili ya kwanza walikosea, makosa yangepata muda wa kuonekana. Tua aliumia tena kichwa siku ya Krismasi mwaka huo huo, na tena Septemba 2024, nayo ilikuwa Alhamisi.

Mchezaji akigongwa kichwa sasa hivi, kinafuata nini?

Kwenye kila mechi kuna madaktari wa mfumo wa fahamu ambao hawaajiriwi na timu, na juu kule kuna watu wanaangalia video kwa ajili hiyo tu, wana mamlaka ya kusimamisha mchezo toka 2015. Akishukiwa anaingizwa kwenye kile kihema cha bluu pembeni au anapelekwa ndani. Akikutwa na mtikisiko wa ubongo, siku hiyo kaisha. Kisha kuna hatua tano: kupumzika mpaka dalili zitulie, mazoezi mepesi ya moyo, mazoezi ya mchezo akiwa peke yake, mazoezi na timu bila kugongana, na mwisho kuruhusiwa kikamilifu, ambapo daktari wa timu hatoshi, lazima na daktari huru akubali.

Hakuna idadi ya siku iliyopangwa na hiyo ni sahihi, ubongo wa mtu hauna kalenda. Lakini kalenda ipo, na ukiumia kichwa Jumapili timu yako ikiwa na mechi Alhamisi, kuzimaliza hatua zote tano ni karibu haiwezekani. Kuna mabadiliko mengine yamesaidia, 2024 walibadilisha mpira wa kuanzia ili watu wasikimbiane toka mbali, wakapiga marufuku kumwangusha mtu kwa kumning'inia kiunoni na kumdondokea miguuni, wakaruhusu kofia laini juu ya helmeti kwenye mechi. Msimu huo mitikisiko ya ubongo iliyorekodiwa ilishuka kwa asilimia 17. Hilo nawapongeza kabisa. Linaonyesha wakitaka wanaweza.

CTE ni nini?

Ni ugonjwa wa ubongo unaohusishwa na kugongwa kichwa mara nyingi kwa miaka, sio lazima uwe umezimia, hata vile vigongo vidogo vya kila siku. Mtu anaanza kusahau, hasira, huzuni, wengine wanajidhuru. Kwa uhakika unathibitishwa baada ya kifo tu, kwa kupasua ubongo. Aliyeugundua kwa mchezaji wa NFL ni daktari wa Kinigeria, Bennet Omalu, pale Pittsburgh mwaka 2002, kwenye ubongo wa Mike Webster wa Steelers, akachapisha 2005, na madaktari waliokuwa kwenye kamati ya ligi wakataka utafiti wake ufutwe. Mwafrika mwenzetu alisimama peke yake dhidi ya taasisi kubwa kama ile na alikuwa sahihi.

2017 Chuo Kikuu cha Boston walichapisha kwamba kati ya ubongo 111 wa waliocheza NFL, 110 ulikuwa nao. Ni ubongo uliotolewa na familia, nyingi zikiwa tayari zina wasiwasi, kwahiyo usiseme wachezaji wote wanao. Ila 110.

Mechi ikisimama kwasababu ya majeruhi mbaya inarudiwa lini?

Kwa soka letu ingekuwa kiporo, tunatafuta Jumatano inapigwa. NFL viporo karibu haviwezekani, maana ukiweka mechi katikati ya wiki umewapa watu mechi tatu ndani ya siku nane, na miili hairuhusu. Tarehe 2 Januari 2023 Damar Hamlin wa Buffalo Bills alianguka moyo umesimama baada ya kugongwa kifuani, Cincinnati, Jumatatu usiku robo ya kwanza. Denny Kellington, msaidizi wa tiba wa Bills, alimbana kifua pale pale uwanjani. Mechi ilisimamishwa, na siku tatu baadaye ikafutwa kabisa, Bills na wenyeji wao Cincinnati Bengals wakamaliza na mechi 16 wenzao 17. Ligi ikapitisha kwamba fainali ya upande ule ikiwakutanisha Bills na Kansas City Chiefs ichezwe uwanja huru, ila haikufika huko maana Bengals waliwatoa Bills. Hamlin alipona, akarudi kucheza msimu uliofuata.

Wakati wa korona 2020 walilazimika kuhamisha hamisha, Ravens na Steelers wakacheza Jumatano, na Broncos walicheza mechi bila kotabeki hata mmoja wa kweli. Ila zile 16 zote za kila timu zilichezwa.

Kwenye ripoti ya majeruhi yale maneno yanamaanisha nini?

Kila timu inatoa ripoti siku za mazoezi: nani kafanya yote, nani kafanya nusu, nani hajafanya kabisa. Siku ya mwisho kabla ya mechi wanamweka mchezaji kwenye daraja moja kati ya matatu: hachezi, mashaka makubwa, au haijulikani bado. Lilikuwepo la nne la "huenda akacheza", likafutwa 2016. Wa mashaka makubwa mara nyingi hachezi. Wa haijulikani ndo anawatesa watu wa fantasi, wale wanaounda timu zao za kubuni kwa wachezaji halisi, huyo subiri orodha ya wasiocheza inayotoka saa moja na nusu kabla ya mechi.

Ripoti ipo kwasababu ya kamari, toka enzi za kamishna Bert Bell miaka ya 1940, ili asitokee mtu mwenye siri anayeijua mwenyewe. Timu ikidanganya inapigwa faini. Kwa mechi ya Alhamisi ripoti inaanza Jumatatu, na mara nyingi ni ya makadirio maana mazoezi hayakufanyika.

Ukiona mtu kawekwa IR, hiyo ni orodha ya majeruhi wa muda mrefu, lazima akose mechi nne angalau.

Nyasi bandia zina ubaya gani?

Nyasi halisi ukikanyaga vibaya zinachanika, mguu unatoka. Bandia haichaniki, kinachochanika ni goti au kisigino. JC Tretter akiwa rais wa chama cha wachezaji alitoa namba za 2012 hadi 2018: majeraha ya miguu yasiyotokana na kugongana yalikuwa juu kwa asilimia 28 kwenye bandia. Ligi imekuwa ikijibu kwamba kuna misimu ambayo hiyo tofauti inakaribia kupotea. Septemba 2023 kotabeki Aaron Rodgers, mpira ukiwa umeanzishwa mara ya nne tu kwenye mechi yake ya kwanza na New York Jets, kano ya kisigino ikakatika pale MetLife, uwanja wa bandia, na kelele zikaanza upya.

Kinachokera: kwa Kombe la Dunia 2026 FIFA ilitaka nyasi za asili, na MetLife pamoja na viwanja vingine vya NFL vyenye bandia vikakubali kuweka. Kwahiyo inawezekana. Wachezaji wa nyumbani wameomba miaka yote wakaambiwa gharama.

Mchezaji akiumia analipwa?

Msimu ule ndio, timu haiwezi kumtupa akiwa majeruhi bila kumlipa au kukubaliana naye, ingawa wengine mikataba yao inashusha mshahara akiwa IR. Shida ni mwaka unaofuata. Mikataba mingi haina uhakika wa hela zote, unasikia mtu kasaini milioni 60 kumbe za uhakika ni nusu, akishapona anaachwa. Na ili upate haki ya pensheni unahitaji misimu mitatu, wakati chama cha wachezaji kinataja wastani wa kucheza ni miaka mitatu na kidogo. Sasa mwambie kijana aliye msimu wake wa tatu aseme ukweli kwamba kichwa kinamuuma.

Kuna wa kwetu waliowahi kucheza?

Daniel Adongo, Mkenya, alitoka kwenye raga akasajiliwa na Indianapolis Colts 2013, Mkenya wa kwanza kucheza NFL. Tshimanga Biakabutuka, mzaliwa wa Kinshasa, alichaguliwa wa nane kwenye drafti (timu zinapochagua vijana wapya kwa zamu) ya 1996 na Carolina Panthers, kipaji kikubwa kweli, ila majeraha yalimwandama toka msimu wa kwanza mpaka akaishia 2001.

Kwa saa za Afrika Mashariki mechi ni saa ngapi?

Za kwanza za Jumapili saa 2 usiku, za pili saa 5 na dakika kadhaa usiku. Ya Alhamisi ni saa 9 na robo usiku wa kuamkia Ijumaa. Kuanzia Novemba wakirudisha saa zao nyuma ongeza saa moja kwa zote.

Na Krismasi 2024, kwanini wachezaji walilalamika?

Kwasababu Krismasi iliangukia Jumatano na Netflix walikuwa wameshanunua mechi mbili. Timu nne zikacheza Jumamosi tarehe 21 na Jumatano tarehe 25. Kansas City Chiefs walikuwa wamecheza Jumapili tarehe 15 pia, yaani mechi tatu ndani ya siku 11, na kwenye ile ya kwanza kotabeki wao Patrick Mahomes alikuwa ameumia enka. Walishinda zote tatu, watu wakasema unaona, inawezekana. Inawezekana kwa kikosi kipana na bahati.

Je mechi 18 zinakuja?

Kamishna Roger Goodell ameshaongelea wazo la mechi 18 kwa kupunguza mechi za kirafiki kutoka tatu kuwa mbili. Haliwezi kufanyika bila chama cha wachezaji kukubali, mkataba wa sasa unafika msimu wa 2030, na kumbuka mkataba huo huo, ulioruhusu mechi ya 17, ulipita Machi 2020 kwa kura 1,019 dhidi ya 959. Karibu nusu walikataa. Na hesabu ya kubadilishana mechi ya kirafiki na ya kweli haiingii akilini, maana za kirafiki nyota wengi hawachezi au wanacheza dakika chache.

Mimi nikiwa upande wa wachezaji kwenye ile meza, sisaini mpaka niandikiwe vitu vitatu: wiki mbili za kupumzika badala ya moja, nyasi halisi kila uwanja, na hakuna timu kupangiwa Alhamisi kama haijatoka kwenye wiki ya kupumzika. Kwa wiki mbili za kupumzika kwa kila timu hilo la tatu linawezekana kabisa, ni kupanga tu, na kompyuta wanazo.